Tusiwalaumu wanunuao makaa kwa mkebe

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, ambaye hunijia jioni nimsaidie somo la fizikia, aliniuliza swali mwaka jana nikakosa la kumjibu. Nilikuwa nimemwandikia katika daftari lake aina za kawi, au nishati kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania: ya jua, ya upepo, ya maji, ya mvuke wa ardhini. Nikamweleza, kwa ufasaha niliouzoea katika miaka mingi ya kushika chaki, juu ya madhara ya moshi na ukataji wa miti. Kijana alinisikiliza kwa adabu. Kisha akageuza uso upande wa roshani, ambako mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 74, alikuwa ameinama akipepea seredani huku akikohoa. Akaniuliza, "Mwalimu, na hapa kwako mbona mwapikia makaa?"

Nilimwambia kwamba muda wa masomo umekwisha.

Nakaa Mwembe Tayari, nyuma ya soko, katika nyumba ya kupanga yenye ghorofa mbili. Anayeifahamu Mombasa ajua kwamba mahali hapa hapalali. Mabasi ya bara huondoka usiku. Abiria huketi juu ya mizigo yao wakinywa kahawa tungu iliyomiminwa kutoka kwenye dele lenye makaa chini yake. Viazi karai hukaangwa, mishkaki huchomwa, na kabla watu wa kahawa hawajaondoka, watu wa mahamri huwa wamekwisha kuamka. Karibu moto wote huo ni wa makaa. Nami kwa miaka mingi nimepita katikati yake nikidhani kwamba hayo ni mambo ya watu wasiosoma.

La ajabu ni kwamba umeme si mgeni kisiwani humu. Sultani Barghash wa Unguja alijipatia jenereta mwaka 1875, akaangaza kasri lake na njia za karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa aitwaye Harrali Esmailjee Jeevanjee akaipata mashine hiyo, ikavushwa hadi huku, na ndipo ilipoundwa kampuni ya umeme ya Mombasa. Kwa hivyo taa ya umeme imekuwa ikiwaka katika mji wetu kwa zaidi ya karne moja, na chini ya taa hiyo hiyo bado twapepea makaa. Swali la yule kijana halikuwa la kwangu peke yangu.

Basi nikanunua daftari la kurasa 96 na mizani ndogo ya ndoana, nikaanza kuchunguza. Nilidhamiria kupima kila kitu kinachoingia jikoni mwetu kwa mwaka mzima: kwanza makaa, halafu kila badala yake nitakayoweza kuipata kwa pensheni ya mwalimu. Tu watu watano nyumbani. Mama alinitazama nikipima makaa kwa mizani akacheka sana, akaniuliza kama sasa nimekuwa mpimaji wa dhahabu.

Katika jiko la bati la kawaida, tulikuwa tukitumia takriban kilo mbili za makaa kwa siku. Kilo mbili si nyingi machoni. Lakini makaa ni kuni zilizokwisha kuunguzwa mara moja chini ya udongo, na katika tanuri za kienyeji kilo 10 za kuni hutoa kilo moja ya makaa, au mbili ikiwa mchomaji ni hodari. Maana yake ni kwamba kila siku wali na mchuzi wetu uligharimu kilo 10 hadi 20 za mti uliosimama mahali fulani. Mwuzaji wangu aliniambia kwamba magunia yake hutoka pande za Kinango na Samburu, yaani huko huko tunakoyaona magunia yakiwa yamepangwa kandokando ya barabara ya Nairobi tukiwa ndani ya basi. Mwaka 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, bei ya makaa ilipanda, watu wakalalama, wakaendelea kununua.

Nilimwuliza mwuzaji huyo, ambaye ni mtu mpole sana, kama haogopi kwamba gesi itamwondolea wateja. Akaniangalia kwa huruma. "Mwalimu, mteja wangu huja na shilingi hamsini jioni, akitoka kibaruani. Huyo wa gesi atamwuzia nini kwa hamsini?"

Niliyaandika maneno hayo katika ukurasa wa pili wa daftari, wala sikuyatilia maanani wakati huo. Yalinirudia baadaye.

Hatua ya kwanza niliyochukua ilikuwa ndogo: nikanunua lile jiko la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani yake. Wanafunzi wangu wengi huliona kila siku wasijue kwamba lina historia. Mwezi wa Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa mjini Nairobi kuhusu aina mpya za kawi, na katika miaka hiyo wataalamu na mafundi wa Kenya walikuwa wakilitazama jiko la ndoo la Thailand wakilibadilisha lifae upishi wetu. Mafundi wa Shauri Moyo wakajifunza kulitengeneza, likaenea nchi nzima na hata nje ya mipaka. Daftari langu lashuhudia kwamba tulishuka kutoka kilo mbili hadi kilo moja na robo, au kilo moja na nusu siku ya wageni. Hilo si jambo dogo. Lakini kikohozi cha mama hakikupungua sana, kwani makaa ni makaa, na ile hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, haijali kama jiko lina udongo au halina. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani viliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Mwalimu wa sayansi huisoma takwimu kama hiyo darasani bila kutikisika. Ni jambo jingine kuisoma huku ukimsikia mama yako akikohoa chumba cha pili.

Mafuta ya taa sikukaa nayo sana. Harufu yake huingia katika chai, na tangu mwaka 2018, yalipotozwa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuwazuia walaghai wanaoyachanganya na dizeli, mnyonge amekuwa akilipia dhambi ya mlaghai. Nilijaribu majuma mawili, nikampa jirani lile jiko.

Gesi ndiyo iliyonifunza mengi. Nilinunua mtungi wa kilo 13 pamoja na jiko la meza, na siku ulipoletwa kijana aliyeubeba alipumzika mara mbili katika ngazi zetu. Mama alikataa kuukaribia. Nisingeweza kumlaumu: mwanzoni mwa Februari 2024 mahali palipokuwa pakijazwa gesi bila idhini palilipuka Embakasi, Nairobi, watu wakafa na nyumba zikateketea, naye aliyaona yote hayo katika televisheni. Ilinibidi kwa juma zima niwe mimi ninayewasha moto, asubuhi na jioni, hata aliponiambia, "Baba, toka jikoni, mwanamume akikaa jikoni sana hupotewa na haya." Kutoka siku hiyo gesi ikawa yake.

Mtungi wa kwanza ulidumu siku 37. Wa pili, niliouchukua kwa mwuzaji wa njiani nisiyemjua, ulidumu siku 29, na nilipoupima mtupu na kukumbuka uzito wake ulipokuja, nilitambua kwamba niliuziwa upungufu. (Msomaji, uwe na mizani. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa shingoni pake; ongeza kilo 13, kisha mwambie mwuzaji aupime mbele yako.) Hata hivyo masizi yalitoweka ukutani. Mama alianza kulala bila kuamka usiku. Nafahamu kwamba gesi nayo hutoka katika visima vya petroli na kwamba si kawi ya kudumu. Mwanafunzi wangu hakuchelewa kunikumbusha. Lakini mapafu hayangoji mpaka dunia ipate lililo kamilifu.

Kinachoniudhi katika gesi ni ushuru. Mwaka 2016 serikali iliondoa ushuru wa ziada ya thamani, ule tuuitao VAT, katika gesi ya kupikia, na watu wengi wakahama makaa. Julai 2021 ushuru ukarudi, asilimia 16. Mwaka uliofuata ukashushwa hadi asilimia 8. Mwaka 2023 ukaondolewa tena. Mtu aliyejinyima akanunua mtungi na jiko mwaka 2020 alijikuta baada ya mwaka mmoja hawezi kuujaza, akauweka uvunguni mwa kitanda, akarudi kwa mwuzaji wa makaa. Nimeiona mitungi ya namna hiyo katika nyumba zaidi ya moja hapa mtaani, imefunikwa kitambaa, imegeuzwa meza ya redio. Ndipo maofisa hupanda jukwaani kutuambia kwamba wananchi wahitaji kuhamasishwa!

Nikaja kwa umeme, ambako nilitumaini kupata jawabu. Maana umeme wa Kenya, tofauti na wa nchi nyingi zilizoendelea, ni safi kwa sehemu kubwa: karibu tisa katika kila kumi hutoka katika mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Olkaria imekuwa ikitoa umeme tangu 1981. Kule karibu na Ziwa Turkana vinu 365 vya upepo vina uwezo wa megawati 310. Hapa Mombasa tumezoea kuiangalia mitambo ya Kipevu ng'ambo ya maji, iliyojengwa kuunguza mafuta mazito, tukadhani umeme wote ndivyo ulivyo. Na pale ulipotokea mpango wa kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe Lamu, watu wa Lamu wenyewe ndio waliokwenda mbele ya mahakama ya mazingira, nayo ikaifuta leseni yake Juni 2019. Kwa hivyo nilikuwa na sababu ya kuuamini umeme.

Mwanangu akaniletea sufuria ya umeme ipikayo kwa mvuke uliofungiwa ndani. Siku ya kwanza nilikaa mbele ya mita kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Nusu kilo ya maharagwe yaliyorowekwa usiku iliiva kwa chini ya nusu uniti, na hakuna aliyepuliza wala kupepea. Kwa wanafunzi: kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kwahitaji takriban kilojuli 314, na uniti moja ya umeme ni kilojuli 3,600. Gawanyeni mwone lita ngapi zachemshwa kwa uniti moja, kisha mpunguze kidogo kwa joto linalopotea. Mimi nilipima kwa birika nikapata lita tisa. Maharagwe, wali, maji ya chai na ya kuoga mgonjwa, vyote hivyo vikahamia kwa umeme. Chapati na samaki wa kukaanga vikabaki kwa gesi. Matumizi ya upishi yakawa karibu uniti moja kwa siku.

Mwisho wa mwezi mwenye nyumba alikuja.

Sisi wapangaji watano twatumia mita moja. Ndivyo zilivyo nyumba nyingi za Mwembe Tayari, Majengo na kwingineko: mwenye nyumba ana mita moja, wapangaji huchangia tokeni kwa hesabu ya vyumba au kwa maelewano. Majirani walikuwa wamelalamika, kwa haki yao kabisa, kwamba mwalimu anawanyonya. Mwenye nyumba hakunifokea. Alisema tu, kwa heshima, "Mwalimu, hapa stima ni ya taa. Hapapikwi kwa stima."

Nilikasirika, nikachukua daftari ili nimthibitishie kwa hesabu kwamba amekosea. Nikagundua kwamba yeye hakukosea. Aliyekosea ni aliyepanga bei. Tangu Aprili 2023 bei nafuu ya umeme, ile iliyowekwa kwa ajili ya wanyonge, humpata mtumiaji asiyezidi uniti 30 kwa mwezi. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa uniti 100. Ukivuka, bei hupanda, na ukivuka 100, hupanda tena. Tazama sasa yatokeayo. Mtu mnyonge akiamua kuacha makaa na kupika kwa umeme, uniti moja kwa siku, upishi peke yake hummalizia kile kiwango chote. Taa na redio humvusha, na papo hapo analipia kila uniti ghali zaidi kuliko jana. Huadhibiwa kwa kutii wito.

Na walio katika mita ya pamoja hali yao ni mbaya zaidi, hata wasipopika. Katika chumba cha chini yuko mjane anayeshona mashati ya shule kwa cherehani ya miguu. Ana taa mbili na simu ya kuchaji. Sidhani kama hufikisha uniti 10 kwa mwezi. Lau angekuwa na mita yake, angelipa bei ya chini kabisa. Lakini mita yetu huhesabu nyumba nzima kama mtu mmoja tajiri, kwa hivyo mjane huyo analipa kwa uniti sawasawa na mwenye jumba la Nyali lenye mashine za kupoza hewa. Ruzuku iliyotungwa kwa ajili yake hupita juu ya kichwa chake. Mimi nimekaa nyumba moja naye miaka 11 na sikuwahi kulijua hili mpaka nilipotaka kuchemsha maharagwe.

Jua nalo? Jua la Mombasa si haba, na Wakenya hatukuanza jana: mwaka 1984 shule ya harambee ya Karamugi, kule Meru, ilitiwa taa za sola, na kutoka miaka hiyo mafundi wengi walijifunza kazi. Nina taa yangu moja ya sola dirishani na inanifaa umeme ukikatika. Lakini kupika kwa sola kwahitaji paneli nyingi na betri, na paneli zahitaji paa. Paa si langu. Wala si la mjane.

Hapo ndipo maneno ya mwuzaji wa makaa yaliponirudia. Watu wa Mwembe Tayari hawapikii makaa kwa sababu hawajui madhara yake, wala kwa sababu ya mila. Mama yangu, niliyedhani ndiye mwenye mila, alihama kwa juma moja. Wanapikia makaa kwa kuwa makaa huuzwa kwa kipimo cha mfuko wao: leo mkebe, kesho mkebe, hakuna amana, hakuna mita, hakuna ruhusa ya mwenye nyumba. Kawi safi huuzwa kwa kipimo cha mwenye mshahara. Nchi imesema yataka kila nyumba iwe na upishi safi ifikapo 2028. Katika sensa ya 2019, zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zilikuwa zikipika kwa kuni, na chini ya robo kwa gesi. Sioni vipi mwaka huo utatukuta tumefika, ikiwa tutaendelea kugawa vipeperushi.

Ningependa kuona mambo mawili, na sidhani kwamba ni makubwa. La kwanza, kila mpangaji apewe mita yake, hata kama ni chumba kimoja, na umeme wa kupikia usimwondoe mnyonge katika bei nafuu. La pili, ushuru wa gesi utulie. Mwananchi akiambiwa kwamba hautarudi kwa miaka 10, atanunua mtungi kwa moyo mkunjufu, na mfanyabiashara naye ataona faida ya kuuza gesi kidogo kidogo kwa mita na simu, kama ilivyokwisha kuanza katika baadhi ya mitaa ya miji yetu.

Na ninyi walimu wenzangu, kabla ya kuwafundisha watoto juu ya misitu, ingieni katika jiko la shule. Shule nyingi bado hupika githeri kwa kuni katika banda lisilo na dohani, na mpishi wetu, ambaye jina lake wanafunzi wengi hawalijui, hutoka humo macho mekundu. Wapeni wanafunzi mizani. Wapime kuni za siku moja. Hesabu watakayoipata itakuwa ya kweli kuliko zile za kitabu, na huenda ikafaa kupelekwa mbele ya halmashauri ya shule.

Kuhusu nyumba yangu, mambo yamesimama hivi. Gesi yapika sehemu kubwa. Sufuria ya umeme imefungiwa kabatini mpaka nitakapopata mita yangu, ambayo nimeiomba kwa barua na mwenye nyumba ameitia sahihi, jambo ambalo sikulitarajia. Mjane wa chini naye amepeleka yake. Nilimwandikia mimi, akaisoma mara mbili kabla ya kutia kidole.

Seredani haikutupwa. Ijumaa mama hupika pilau, na pilau, kwa imani yake, lazima ipaliwe makaa juu ya kifuniko, la sivyo ni wali uliotiwa bizari. Nimejaribu kubisha kwa hoja za kisayansi. Kisha nimeila ile ya gesi na ile iliyopaliwa, nikaandika katika daftari kwamba mama ana haki. Mkebe mmoja wa makaa kwa juma, badala ya saba. Yule mwuzaji bado hunisalimu, ingawa siku hizi huniuliza kama nimesafiri.